Mwongozo wa Kuitunza Makro Goigoi

Mwongozo huu ni wa makarani wa ofisi za kahawa mjini Mbale, wale ambao kila Jumatatu hupokea mafaili ya Excel kutoka vituo vya mlimani na kuyapitisha kwenye makro ili yatoke safi. Unawahusu pia jirani zao wa Jinja wenye ripoti za miwa, maana ugonjwa ni mmoja. Shabaha yetu ni kulinda urithi. Siku hizi kijana anatoka chuoni, anapewa meza ya karani aliyekwenda likizo, anafungua makro ya wakubwa wake, na kazi iliyokuwa ikila asubuhi nzima inakwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Matokeo yake watu wanaonekana wamekaa bure saa tatu asubuhi, jambo ambalo hakuna mkuu wa ofisi atakayelifurahia.

Makro goigoi, kwa upande wake, inampa kila mtu shughuli. Wewe unailinda isiguswe. Mwenzako anaomba umeme usikatike. Mkuu anapita, anaona skrini inametameta, anauliza, "Bado inasafisha?" Unajibu, "Bado, Mzee," naye anaondoka akiamini mshahara wenu una sababu.

Kabla ya malezi yenyewe, tujue kinachosafishwa. Tangu Bugisu Co-operative Union ianzishwe mwaka 1954, kuandika nani kaleta kilo ngapi kumekuwa sehemu ya biashara ya arabika ya Mlima Elgon. Zamani palikuwa na daftari na kalamu. Halafu ikaja sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji wa misitu, inayotaka kahawa inayoingia soko lao ijulikane imetoka shamba gani, na shamba hilo lisiwe limefyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwa sheria hiyo kumeahirishwa zaidi ya mara moja. Fomu hazikuahirishwa. Kwa hiyo faili la Jumatatu lina jina, namba ya kitambulisho, simu, kijiji, wilaya, kilo, tarehe, na namba mbili za ramani, na kila kituo kimejaza kilivyoona inafaa.

Haya, malezi. Usiiandike makro, irekodi. Excel ina kinasa chake: ukikiwasha, kila unachofanya kinageuzwa kuwa maagizo ya VBA, lugha iliyoingia humo mwaka 1993. Kinasa hakichagui. Ukibofya seli, kinaandika kwamba umeichagua. Ukishusha karatasi kutafuta jina la kituo, kinaandika kwamba umeishusha, na ukiipandisha kinaandika hilo nalo. Ndiyo maana ukifungua makro ya ofisi iliyokula chumvi utakuta maagizo ya SmallScroll yamepangana: shuka mistari tisa, panda sita, shuka mitatu. Aliyekuwa akitafuta kitu siku ile huenda amekwisha kustaafu, yuko kwake anapalilia migomba, lakini kila Jumatatu kompyuta inashuka na kupanda kumtafutia. Usiyafute maagizo hayo. Hakuna anayejua yanafanya kazi gani, na ofisini hiyo ni sababu tosha ya kitu kubaki.

Kisha hakikisha makro inakwenda seli kwa seli. Tuseme una wakulima 4,000 na safu 12; hizo ni seli 48,000. Namna ya heshima ni kuiendea seli ya kwanza, kuichagua, kuisoma, kuisafisha, kuiandika tena, kisha kwenda ya pili. Kila kusoma ni safari kutoka VBA hadi kwenye karatasi, na kila kuandika ni safari nyingine. Jumla ni safari 96,000, mbali na zile za kuchagua. Ni sawa na kumtuma boda boda kutoka Mbale hadi Budadiri akachukue punje moja ya kahawa, ailete, ipimwe, arudi kuchukua ya pili. Waasi, wale wanaotaka makro iende kasi, hufanya nini? Hulichukua eneo lote kwa agizo moja, wakalitia kwenye kumbukumbu ya kompyuta ndani ya kigeu kimoja cha aina ya Variant, wakasafisha kila kitu humo humo, wakalirudisha kwenye karatasi kwa agizo la pili. Safari mbili tu. Sasa mwenye boda boda atakula nini?

Ikiwa seli 48,000 hazikutoshi, usiiambie makro iishie wapi. Iachie karatasi nzima. Tangu Excel ya 2007 kila karatasi ina mistari 1,048,576, na kutumia 4,000 peke yake ni ubadhirifu. Makro itausafisha kwa bidii utupu ulio chini ya mkulima wa mwisho, na mashine itapata joto la kuwafaa wote hewa ya baridi inaposhuka kutoka mlima Wanale.

Skrini nayo usiizime. Kuna agizo liitwalo ScreenUpdating. Likizimwa, makro hufanya kazi kimya kimya bila kuchora kila hatua, na huo ndio mwisho wa burudani. Wageni wa wafadhili wakija, wataona nini? Vilevile acha fomula zijumlishe upya kila seli inapobadilika, hasa kama kuna karatasi ya muhtasari yenye VLOOKUP zinazopekua safu nzima. Kila nafasi tupu inayoondolewa nyuma ya jina la mtu itafanya kilo za ofisi nzima zihesabiwe tena, ingawa hakuna kilo iliyoguswa.

Hapa nasimama kidogo kuwatendea haki wazee, kwa sababu waasi wengi hujikwaa papo hapo. Wanazima hesabu za papo kwa hapo, makro inafia njiani, na agizo la kuziwasha halifikiwi kamwe. Tangu hapo kitabu hakijumlishi. Unabadilisha kilo, jumla imesimama pale pale, wala hakuna kengele inayolia. Wiki nzima watu wanalipwa kwa jumla ya zamani. Anayezima lazima aandike agizo la kuwasha mwishoni, na aliandike pia kwenye njia ambayo makro itapita ikipata ajali. Asiyeweza hilo, bora aendelee kutuburudisha na skrini.

Mistari mitupu ifute kuanzia juu kwenda chini. Uzuri wake ni huu: ukifuta mstari wa 7, uliokuwa wa 8 unapanda kuwa wa 7, lakini makro imekwisha kusogea hadi wa 8, kwa hiyo uliopanda haukaguliwi. Mistari mitupu miwili ikifuatana, mmoja hupona. Ofisi zimelizoea jambo hili kiasi kwamba karani mgeni hufundishwa siku ya kwanza, "Kitufe hiki ukibofye mara tatu, mwanangu," kwa uzito ule ule wa kuonyeshwa daftari la mahudhurio. Waasi huanza kufuta kutoka chini. Wajuzi zaidi hawafuti kabisa: wanaporudisha data kutoka kwenye kumbukumbu, wanaiacha nje mistari mitupu.

Sasa usafi wenyewe. Wazee wa Mbale watakusimulia jinsi mji wao ulivyosifiwa zamani kuwa safi kuliko miji yote ya Uganda. Sifa hiyo haikuwahi kufika kwenye safu ya majina. Humo kuna Mafabi, kuna MAFABI, kuna mafabi, na kuna Mafabi mwenye nafasi tupu nyuma yake ambaye kwa macho ni yule yule na kwa kompyuta ni mtu mwingine. Karani wa jadi huita Trim. Trim ya VBA hukata nafasi za pembeni tu. Ile ya fomula za karatasi hupunguza na zile za katikati ya jina. Hakuna kati ya hizo mbili inayogusa nafasi yenye namba 160, ile ambayo mara nyingi huja na majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye barua pepe na kurasa za intaneti. Inafanana na nafasi ya kawaida kama pacha, ila haikatiki. Utaratibu wetu ni kuita Trim mara ya pili, kisha ya tatu, kisha kuilaumu mashine. Dawa ni mstari mmoja tu, unaobadilisha kila namba 160 kuwa nafasi ya kawaida kabla ya Trim kuitwa. Usimwambie mtu.

Majina yakishatakata, ondoa yanayojirudia. Tumia jina peke yake. Eneo la Bugisu limejaa akina Mafabi na akina Nandudu, kwa hiyo kufikia saa nne utakuwa umebakiwa na wakulima wachache, na ripoti itaenea kwenye ukurasa mmoja, jambo ambalo wakubwa hulipenda. Mtu akilalamika, hamia kwenye namba ya simu. Hapo atakayetoweka ni mke, kwa sababu nyumba nyingi zina simu moja na simu hiyo ni ya mume. Mke ndiye aliyechuma, ndiye aliyeosha, ndiye aliyeanika. Kwenye faili kahawa imejileta yenyewe. Ipo namba ya kitambulisho cha taifa yenye herufi na tarakimu 14, inayoanza na CM kwa raia wa kiume na CF kwa wa kike, na hiyo ingewatenganisha wote. Ndiyo maana safu yake imeachwa ya mwisho kabisa, na O zimechanganywa na sifuri.

Simu zenyewe zina starehe yake. Mkulima ameandikwa 0772 na kuendelea. Excel inadhani ni hesabu, inaondoa sifuri ya mbele. Karani mwerevu anaweka 256 badala yake, namba inafika tarakimu 12, na Excel inaamua kwamba huo ni umbali wa nyota: inaonyesha 2.56772E+11. Hadi hapo namba bado iko ndani. Lihifadhi faili kama CSV, ulifunge, ulifungue tena, na tarakimu za mwisho zitakuwa zimekwenda moja kwa moja. Wenye namba zinazoanza na 0772, wawe wa Sironko au wa Bududa, sasa wengi wao wana simu moja. Ukiondoa tena wanaojirudia kwa kufuata simu, kazi itakuwa imekwisha. Kuiweka safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote kungezuia haya yote, lakini kungetuondolea simulizi.

Tarehe nitazipita haraka. Mashine iliyoachwa na mpangilio wa Kimarekani huisoma 05/11 ya kituoni kuwa tarehe 11 Mei, nje ya msimu mkuu kabisa, na 13/11 inaiacha kama maandishi kwa sababu haijui mwezi wa kumi na tatu. Nusu ya mavuno inahamia mwezi mwingine, nusu inagoma. Iache.

Wilaya ndizo zinazohitaji ufundi. Makro nzuri ya kizamani ina orodha ya wilaya iliyoandikwa ndani ya maagizo yenyewe kwa msururu mrefu wa If. Mwandishi wake aliamini ramani ya Uganda imekwisha kuchorwa. Sironko ilikwisha kutoka Mbale mwaka 2000. Manafwa ikatoka 2005, Bududa ikafuata 2006, Bulambuli ikazaliwa na Sironko 2010, Namisindwa ikazaliwa na Manafwa 2017, na mwaka 2020 Mbale yenyewe ikagawanyika kuwa jiji na wilaya. Mkulima hajahamisha hata mgomba mmoja, lakini kwenye mafaili ya ofisi amekuwa raia wa wilaya tatu. Makro ikiliona jina la Namisindwa inaandika SI SAHIHI kwa wino mwekundu, na karani anampigia simu mtu wa kituo kumwuliza kwa nini anaishi mahali pasipokuwepo. Kosa kubwa utakaloweza kufanya hapa ni kuitoa orodha hiyo kwenye maagizo na kuiweka kwenye karatasi yake, safu moja ya jina la zamani na nyingine ya jipya, ili wilaya ikizaliwa mtu yeyote aongeze mstari bila kugusa VBA. Ukifanya hivyo hutaitwa tena kutoka likizo.

Namba za ramani je? Kwa sheria ile ya Ulaya, shamba lisilozidi hekta nne linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja, latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya desimali. Mbale iko karibu na nyuzi 1 kaskazini na 34 mashariki. Mtu wa kituo akizigeuza, shamba linapata nyuzi 34 kaskazini na 1 mashariki, na hapo ni Algeria. Sharti moja la kukagua kwamba namba ya kwanza ni ndogo na ya pili ni kubwa lingemrudisha mkulima nyumbani kwa sekunde moja. Sisi tunapendelea kungoja mnunuzi wa Ulaya aandike barua ya kuuliza tangu lini arabika ya Elgon inalimwa Algeria.

Tumebakiza agizo linalostahili kuwekwa kwenye fremu, chini ya picha ya Rais: On Error Resume Next. Linaiambia makro kwamba ikikwama inyamaze na kuendelea. Liweke mstari wa kwanza kabisa. Kuanzia hapo makro haitaripoti kosa lolote hadi ufe. Karatasi ikikosekana, inaendelea. Safu ikihama, inaendelea. Na kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui hadi wakalipwe vibaya. Kituo kimeandika kilo za mama mmoja kuwa "gunia 2". Makro inajaribu kuyageuza maneno hayo kuwa namba, inashindwa, inanyamaza kama ilivyoagizwa, na kigeu kinabaki na namba ya mkulima aliyetangulia. Namba hiyo ndiyo inayoandikwa. Mama huyo analipwa kilo za jirani yake, nyingi au chache kuliko zake, na mwisho kisanduku kinatokea katikati ya skrini: Kazi imekamilika. Wote mnashukuru.

Msidhani hayo ni mambo ya mlimani. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, mamlaka ya afya ya Uingereza ilikosa kuwahesabu wagonjwa 15,841 kwenye takwimu za kila siku, kwa sababu data ilipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel, xls, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi ilikatika bila kelele. Kwa hiyo ofisi yako ikipotewa na wakulima kumi, ina wenzake wakubwa.

Kijana wa chuo, asipozuiwa, ataendelea mbele zaidi. Atakuambia kwamba Excel tangu toleo la 2016 ina Power Query ndani yake, inayosafisha mafaili ya folda nzima bila makro. Mbaya zaidi, atauliza uchafu unatoka wapi. Hilo ndilo swali la kuogopa, maana jibu lake liko vituoni, na vituoni kuna mtu anayeunganisha seli, anayepaka rangi vichwa vya safu, anayetia jumla ndogo katikati ya majina na nembo juu, kwa sababu mwaka juzi mkuu alimsifu mbele ya watu kwa "ripoti inayopendeza". Ukimpelekea fomu iliyofungwa, yenye orodha ya wilaya ya kuchagua, safu ya simu inayokataa tarakimu pungufu na kilo zinazokubali namba pekee, nusu ya makro haitakuwa na kazi. Na mkuu atalazimika kusifu fomu mbaya kwa macho. Katika ofisi nilizoziona, hilo ni gumu kuliko VBA yote.

Jambo la mwisho sina kejeli nalo. Makro ikishapita kwenye faili, Ctrl+Z hairudishi ilichofanya. Excel huifuta historia ya kutendua. Iwe goigoi, iwe ya kijana wa chuo, hifadhi kwanza nakala ya faili la kituo kama lilivyoletwa, na usiruhusu makro yoyote iiguse nakala hiyo.